Sufuria ya Pili Haimsaidii Mama Mwenye Kisukari

Mwanamke akishaambiwa ana kisukari, ukoo mzima unageuka wataalamu wa lishe. Wifi, jirani, muuza duka la dawa, wote wana agizo moja: apikiwe chakula chake. Ugali wake wa dona, mboga yake ya kuchemsha, sufuria yake. Imani hii imezoeleka mno, hata hakuna anayeihoji. Mimi nasema ni imani mbovu, na kwa mama mwenye watoto wadogo ni ya hatari.

Kwanza, apikiwe na nani? Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, "apikiwe" maana yake ajipikie. Ana jiko moja la mkaa, mtoto wa miezi kumi mgongoni na wa miaka mitatu anayemvuta kanga. Unaanza uji wa mdogo, maana ndiye anayelia. Kisha wali na maharage ya wengine. Zamu ya sufuria ya mgonjwa ikifika ni saa mbili usiku na mkaa umeshakuwa majivu. Basi atakula matonge ya wali yaliyobaki kwenye sahani ya mtoto, nusu chapati iliyong'atwa, na uji uliopoa, wenye sukari, kwa sababu chakula hakitupwi. Ukimuuliza atakwambia hajala tangu mchana, wala hasemi uongo: sahani yake hajaipakua. Siku ya kliniki kipimo kikisoma juu, anaambiwa hana nidhamu.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenclamide akichelewa kula, sukari inaweza kushuka ghafla. Anatetemeka, jasho linamtoka, akili inachanganyikiwa, naye yuko peke yake na watoto karibu na moto. Hapo anahitaji sukari ya haraka, kama vijiko vitatu vya chai kwenye maji, halafu chakula. Lakini ameshakaririshwa kuwa sukari kwake ni sumu, kwa hiyo anasita kugusa kitu pekee kinachoweza kumwokoa dakika ile.

Ugali wa dona nao umepewa hadhi ya dawa. Kweli una nyuzinyuzi kuliko wa sembe, na kwa hilo ni afadhali. Lakini wote ni wanga, na wanga ukishasagwa tumboni unaingia kwenye damu kama sukari. Bonge la dona litampandisha sukari kuliko wali wa kiasi cha ngumi yake. Wanaouza "unga wa wagonjwa wa sukari" kwa bei ya kuumiza hawana haraka ya kukueleza hilo.

Kinachotakiwa ni chakula kimoja kwa nyumba nzima, tofauti ije wakati wa kupakua. Nusu ya sahani ya mama iwe mchicha, matembele au kabichi, robo iwe wali au ugali, robo iwe maharage, dagaa, samaki au kuku. Vyote hivyo tayari viko jikoni. Kitakachoongezeka ni fungu la mboga, kwa kuwa sasa mboga si kitoweo cha kusukumia ugali tu.

Watu watasema watoto wanateswa kwa ugonjwa wa mama yao. Wanateswa kwa lipi? Kwa kukosa soda? Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe kabisa vinywaji vya kuongezwa sukari. Linasema pia mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Mama akiwa na presha pia, akapunguza chumvi kwenye mchuzi, hajamnyima mtu haki yake.

Mpaka upo, nao uheshimiwe. Mtoto mdogo asiingizwe kwenye masharti ya mama. Tangu miezi sita tumbo lake ni dogo na mahitaji yake ni makubwa: anataka chakula kizito, kilichoongezwa mafuta kidogo, yai au samaki, huku akiendelea kunyonya. Fungu lake litolewe kabla ya chumvi na pilipili, lipondwe. Na mwenye figo zilizochoka, au mtoto ambaye karanga zinamvimbisha midomo, hao wana masharti yao ya daktari, siwazungumzii hapa.

Nawazungumzia wahudumu wa afya wanaompa mama karatasi ya "usile hiki, usile kile" bila kumuuliza nyumbani kuna majiko mangapi, nani anapika, na watoto wana umri gani. Ushauri usiojua jiko la mtu ni kelele tu.

Nazungumza pia na wanaume. Desturi ya mama kula wa mwisho, kilichobaki, ndiyo inayomuua mwenye kisukari. Sahani yake ipakuliwe pamoja na za watoto, na wakati anakula, mtu mwingine ambebe mdogo. Makombo ya watoto nayo yana mwenyewe wa kuyamaliza: baba yao.