Jiji la Nakuru Lianzie Kaptembwo na Rhonda

Tarehe 1 Desemba 2021, Rais Uhuru Kenyatta aliikabidhi Nakuru hati ya kuwa jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Tangu siku hiyo, anayetaka kuthibitisha kwamba hadhi hiyo ni halali hutaja Uwanja wa Afraha, Barabara ya Kenyatta, kreta ya Menengai, mabaki ya kale ya Hyrax Hill na ziwa lenye heroe. Vyote ni vya kuonea fahari. Hata hivyo, Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inadai huduma kwa wakazi, zikiwemo maji na usafi, mifereji ya mvua, zimamoto na maktaba. Kwa Nakuru, huduma inayopaswa kutangulia ni uondoaji wa majitaka katika mitaa yenye watu wengi kama Kaptembwo na Rhonda.

Pengo hili lina historia. Reli ilifika hapa mwaka 1900, na mji ukatangazwa rasmi mwaka 1904 ili kuhudumia mashamba ya walowezi. Makazi yaligawanywa kwa rangi: Wazungu walikaa Milimani, kwenye miteremko ya juu, nao Waafrika wakawekwa Bondeni na katika nyumba za vibarua. Uhuru uliondoa ubaguzi huo katika sheria, lakini mabomba yalibaki pale yalipolazwa. Mashamba ya pembezoni yalinunuliwa na kampuni za ardhi, yakakatwa ploti, na nyumba za kupanga zikasongamana juu ya vyoo vya shimo. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 570,674 mjini. Idadi hiyo ilitosha kuipa Nakuru hadhi ya jiji, na wengi waliohesabiwa wanaishi katika mitaa ya aina hiyo.

Wapo wanaosema jiji changa lianze na vivutio, kwa kuwa utalii ndio utakaoleta fedha za huduma. Hoja hiyo inasahau jinsi ardhi ya Nakuru ilivyolala. Mji uko kati ya Menengai na ziwa, na ziwa halina mto unaotoka. Taka zinazosombwa na mvua kutoka jaa la Gioto, na uchafu unaoingia Mto Njoro, mwisho wake ni humo humo. Ziwa hilo ni hifadhi ya taifa tangu 1968, na mwaka 2011 liliingizwa katika Urithi wa Dunia pamoja na Bogoria na Elementaita. Maji yake yamepanda kwa zaidi ya mwongo mmoja sasa, yakafunika lango kuu la hifadhi na kuwahamisha wakazi wa Mwariki. Kadiri ziwa linavyosogelea makazi, ndivyo vyoo vya shimo vinavyozidi kuwa hatari kwa mtu na kwa ndege. Anayetaka watalii waendelee kuja hana budi kuanza na vyoo vya wapangaji.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama: kulaza mabomba katika vichochoro vilivyobanana ni kazi ghali na ya miaka mingi. Ni kweli, lakini bomba si njia pekee. Kampuni ya maji ya Nakuru tayari imeonyesha kwamba kinyesi kilichonyonywa kwenye mashimo kinaweza kukaushwa na kugeuzwa makaa ya kupikia. Kaunti inaweza kuwapunguzia wenye ploti ada ya magari ya kunyonya, kuwalazimisha kujenga vyoo vinavyonyonyeka, na kulaza mabomba mtaa baada ya mtaa. Bunge la kaunti litenge fungu la kazi hiyo kila mwaka, lisiloweza kuhamishiwa taa na maua ya barabarani, na litangaze ni ploti ngapi zimefikiwa katika kila wadi. Mpangaji wa Rhonda alihesabiwa jiji lilipotafutwa. Ana haki ya kuhesabiwa pia bajeti inapogawanywa.