Kabati Likifungwa, Chema Kitajiuzaje?

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa upande wa vitabu, mimi naona methali hii haitoshi. Kitabu kilichofungiwa kabatini ati kisije kikapotea, kitajiuza kwa nani?

Watu hudai eti vijana wa Rangwe hatupendi kusoma. Si kweli! Tunapewa vitabu vya mtihani tu, nasi tunavisoma tukiwinda maswali. Chukua Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotolewa 1996. Iliwahi kutahiniwa, siku hizi haitahiniwi. Hata hivyo, safari ya Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta babake humnasa hata asiyependa Kiswahili. Nani atamwambia mtoto anayejiunga na shule ya upili? Ni mimi na wewe.

Napendekeza chama chetu kiwe na sanduku la vitabu na daftari moja. Kila arudishaye kitabu aandike sentensi moja: nani atakipenda, na kwa nini. Kisipompendeza, akirudishe bila kuulizwa. Sisi wa kutwa tuvibebe nyumbani, wadogo zetu nao wasomewe.

Kimoja kikipotea, tumepoteza kimoja. Kabati likifungwa, tumepoteza vyote.