Ilani: Mstari wa Amri Uwe wa Wote

Sisi ni walimu, wahasibu, makarani, waandishi wa habari na watengenezaji wa programu. Tunaanzisha vuguvugu hili kwa sababu mstari wa amri, chombo cha kuiagiza kompyuta kwa maandishi na chenye nguvu kuliko vingi ndani yake, umebaki mikononi mwa wachache. Amri moja yaweza kubadili majina ya picha elfu moja, kazi ambayo kwa kipanya humchukua karani siku nzima.

Husemwa kwamba mtu wa kawaida hayawezi maandishi, apewe vipicha vya kubofya. Tunakataa. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008. Leo mama lishe na mkulima hubonyeza *150*00# kwenye simu ya kitochi, hufuata menyu ya maandishi matupu na kutuma fedha. Hawakusomea kompyuta. Menyu ile huzungumza Kiswahili, huonyesha hatua inayofuata, na fedha haitoki mpaka mtu athibitishe kwa namba ya siri.

Kinachowafukuza watu kwenye mstari wa amri, basi, ni tabia ya zana zenyewe. Unix, mfumo endeshi zilikotoka nyingi ya zana hizo, ilizaliwa katika maabara ya Bell Labs mwaka 1969, mikononi mwa wataalamu waliochapa kwenye teletaipu, mashine za kuchapia za polepole. Amri fupi kama ls (orodhesha), cp (nakili) na rm (futa) ziliwafaa. Teletaipu zimekwisha, lakini mgeni bado anabebeshwa desturi zake. Kwa kawaida rm hufuta faili bila kuuliza, wala haiipeleki kwenye pipa la taka. cp hufunika faili ya zamani kimya kimya. Ukikosea herufi moja, unajibiwa kwa Kiingereza, na mara nyingi huambiwi ufanye nini.

Kwa hiyo tunatangaza:

1. Zana iulize kabla ya kuharibu kisichorudishika.

2. Ujumbe wa kosa uonyeshe njia. Git, zana ya kutunza matoleo ya programu, humtajia aliyekosea amri inayokaribiana na aliyoiandika. Huo uwe wajibu wa kila zana.

3. Zana ijibu kwa Kiswahili. Mfumo wa gettext wa GNU unawezesha kutafsiri ujumbe wa programu. Kazi ya kutafsiri ni yetu.

4. Mwongozo uanze na mifano ya kazi halisi, orodha ya vigezo ifuate.

5. Mtaalamu asipunguziwe kasi. Njia za mkato zibaki kwa anayezijua.

Tunaahidi kuketi kando ya mtumiaji mpya na kumtazama akifanya kazi. Akikwama, tutaikagua zana kabla ya kumlaumu yeye, na tutairekebisha pale alipokwamia.

Mtengenezaji wa programu, lete zana yako ijaribiwe na wasio wataalamu. Mwalimu, karani, mhasibu, sema wazi ulipokwama. Ushahidi wako ndio utakaotuongoza. Jiungeni nasi, tuanze na amri moja, tuifanye ieleweke, kisha twende kwa inayofuata.