Tuonekane Gizani

Kuna nchi ambako msimu wa kuwinda ukifika, wapitao msituni huvaa rangi kali wasije wakadhaniwa swara. Ati hayo hayatuhusu kwa kuwa uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka wa 1977? Yanatuhusu sana! Huku Kitengela mwindaji ni simba, na msimu wake ni kila usiku.

Mbuga ya Nairobi iliachwa wazi upande wa kusini ili wanyama wapite. Juni 2012 wenyeji waliwaua simba sita waliovamia mifugo yao. Aprili 2025 simba alimwua msichana wa miaka 14 ukingoni mwa mbuga. Jirani yetu Richard Turere, akiwa bado mtoto, aligundua kwamba simba huogopa taa inayosonga, akaunda taa za kumetameta za kulinda zizi.

Basi walimu wetu, ikiwa ng'ombe wana taa, mbona sisi wa kutwa tutoke prepu gizani bila hata tochi? Wengine husema ukanda wa kung'aa utaharibu sare. Mimi nasema sare nzuri ni ile iliyofika nyumbani! Isitoshe, dereva wa lori kwenye barabara ya Namanga haioni sweta nyeusi usiku.

Naomba prepu iishe mapema, tutembee kwa vikundi, tochi ziruhusiwe, na kila sweta ishonewe ukanda huo. Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa, utajenga ukuta.