Tunafundisha vile tulifundishwa

Vijana wenzetu, sisi Wakongomani wa kujitolea huku kambini, Kigoma, tulipewa chaki na darasa la sayansi bila kuonyeshwa namna ya kufundisha. Tukafanya kile tunachokijua: kujaza ubao kwa Kifaransa, watoto wananakili. Sisi wenyewe tulikuwaga tunakariri hivyo, tukafaulu. Kumbe wengi wao walikuwa wanachora herufi tu.

Siku moja chaki ikaisha. Tukakoroga chumvi kwenye maji, tukaweka sahani juani. Kesho yake maji yamepotea, chumvi imebaki. Msichana mmoja asiyesemaga kitu akapaza sauti: "Mwalimu, ndiyo maana jasho likikauka shati linabaki na weupe!" Lakini mvulana mwingine akaomba: "Tuandikie, mimi nisipoandika nasahau."

Wote wawili wana haki. Tusidhani kila kichwa kinashika kama chetu, tuwaulize watoto.

Na ninyi wafanyakazi wa mashirika, leo hatuombi maabara. Kabla ya kutukabidhi darasa, tupeni hata wiki moja tukae kwa mwalimu mzoefu, tuangalie. Mtoto akipoteza mwaka, nani atamrudishia?