Solaris ni filamu ya Hari, si ya sayari

Ndugu mwandishi, makala nzuri, ila uliposema Solaris inahusu sayari, hapo nakupinga. Sayari yenyewe tunaiona kidogo tu. Filamu hii ya 1972 inamhusu Hari, mke wa mhusika mkuu Kelvin, aliyejiua zamani, kisha bahari ya ajabu ya sayari hiyo ikamrudisha kutoka kwenye kumbukumbu za mumewe. Hukugusa tukio la gauni! Kelvin anataka kumvua, anakuta kamba za mgongoni ni pambo tu, gauni halifunguki popote, inabidi achukue mkasi. Bahari imeunda kile tu ambacho mume anakikumbuka, na mume, kama wengi wetu, hakuwahi kuangalia gauni la mkewe linavyofungwa. Natalya Bondarchuk, anayemwigiza Hari, anacheza hapo kama mtu anayeanza kujishuku mwenyewe, taratibu, mpaka inauma kumtazama.

Wanaolalamikia tukio la gari linalozunguka barabara za Tokyo bila neno lolote nawaelewa. Mimi mwenyewe niliinuka nikabandika chai. Stanisław Lem, Mpolandi aliyeandika mwaka 1961 riwaya iliyozaa filamu hii, naye hakuipenda filamu yenyewe. Alisema alichotengeneza mwongozaji Tarkovsky ni Uhalifu na Adhabu ya Dostoyevsky. Kwangu hiyo ni sifa, japo yeye alikusudia lawama.

Ombi kwa wasomaji wenzangu: msianze na ile Solaris ya Marekani ya 2002. Anzeni na hii ya Kirusi, usiku, simu zikiwa zimezimwa.