Hackett Hahitaji Shahada ya Nailoni

Miongoni mwa wapenzi wa ule muziki wa roki uitwao progresivu, uliochipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960 na kujigamba kwa tungo ndefu, mapigo yanayogeuka-geuka na vinanda vya umeme, ipo kauli moja inayorudiwa kila linapotajwa jina la Steve Hackett. Kauli yenyewe ni hii: ukitaka kumjua Hackett ni nani hasa, weka kando miaka yake ndani ya kundi la Genesis, weka kando gitaa lake la umeme, kamsikilize akiwa na gitaa kavu peke yake. Hapo, ati, ndipo alipo msanii wa kweli. Husemwa kwa mapenzi, tena kwa sauti ya chini, kama ya mtu anayevua viatu mlangoni mwa msikiti. Mimi nami ni mpenzi wa Hackett, na gitaa lake kavu ni katika vitu ninavyovisikiliza usiku ninapotafsiri. Kwa sababu hiyo hasa kauli hii naipinga, wala siipingi nusu nusu.

Kwa msomaji ambaye jina hili ni geni, niseme kwa ufupi. Hackett alizaliwa London mwaka 1950. Mwishoni mwa 1970 alitia tangazo katika gazeti la muziki la Melody Maker akitafuta wenzake wa kupiga nao. Peter Gabriel akalijibu, na tangu 1971 hadi 1977 Hackett akawa mpiga gitaa wa Genesis. Kisha akashika njia yake. Ametoa albamu nyingi za gitaa la umeme, na sambamba nazo mfululizo wa albamu ambazo gitaa kavu la nyuzi za nailoni ndilo bwana harusi: Bay of Kings (1983), Momentum (1988), A Midsummer Night's Dream (1997) pamoja na okestra ya Royal Philharmonic, Sketches of Satie (2000) na mdogo wake John mpiga filimbi, Metamorpheus (2005), Tribute (2008) na Under a Mediterranean Sky (2021). Hakusomea muziki chuoni, wala hasomi nota.

Sasa tuitazame kauli. Anayesema kwamba Hackett wa kweli ni yule wa gitaa kavu anadhani anamtukuza, kumbe anamwombea radhi. Maana iliyofichika ni kwamba roki ni mambo ya ujana na makelele, na kwamba mtu mzima mwenye heshima zake hukaa kitini, akaweka mguu juu ya kigoda, akapiga Bach. Basi mwenzetu amefaulu mtihani, amepewa shahada yake ya nailoni, na sisi tumepata ruhusa ya kumpenda bila ya haya. Hoja ya namna hii sisi wa huku tunaijua vyema, ijapokuwa kwetu ilivaa kanzu nyengine. Tuliishi nayo katika mabishano ya mashairi huru, tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974. Upande mmoja ulisema kwamba hawa hawatungi kwa vina na mizani kwa kuwa hawawezi. Na baadhi ya watetezi, badala ya kuyafungua mashairi yenyewe na kutuonesha yanafanya nini, wakakimbilia kujibu: wanaweza, lau wangetaka. Hakuna jibu baya kuliko hilo. Limekwisha kukubali kwamba vina ndiyo mtihani, na kwamba shairi huru ni mapumziko ya mwanafunzi aliyekwisha kufaulu. Mimi natunga kwa vina tangu ujana wangu na navipenda. Sivipendi vikifanywa bakora.

Kauli hiyo, juu ya kuwa na kiburi ndani yake, si kweli hata kwa mambo yaliyotokea. Gitaa kavu halikuwa kimbilio la Hackett baada ya kuichoka roki. Lilikuwamo ndani ya Genesis kabla yake, kwani Anthony Phillips, aliyemtangulia, naye alikuwa mtu wa nyuzi zisizotiwa umeme, na Mike Rutherford alikuwa akipiga gitaa la nyuzi kumi na mbili. Kipande ambacho wapenzi hawa hukitaja kwanza, Horizons, hakitoki katika albamu yoyote ya peke yake. Kimo katika Foxtrot ya Genesis, ya mwaka 1972. Hakifiki dakika mbili. Kinaanza kwa kuitika sauti ya Bach, utangulizi wa ile tungo yake ya kwanza ya selo peke yake, kisha kinashika njia yake, na kimepambwa kwa zile sauti kama za kengele zinazotoka uzi ukiguswa tu bila ya kubanwa. Lakini nani anakumbuka kimewekwa wapi? Kimewekwa kufungua upande wa pili wa santuri, na mara kinapokwisha huingia Supper's Ready, utungo wa dakika ishirini na tatu wenye vita, vichekesho na mwisho wa dunia. Ule utulivu ni kizingiti cha nyumba ile. Ukiking'oa kizingiti ukakitundika ukutani, utakuwa na ubao mzuri, lakini usituambie kwamba sasa ndiyo umeiona nyumba.

Na hili neno "safi"! Wanalipenda mno. Sauti safi, mti na uzi, bila ya umeme, bila ya hila. Hebu tuulize uzi wenyewe umetoka wapi. Nyuzi za nailoni ni mazao ya kiwanda. Zilianza kushika nafasi ya nyuzi za utumbo wa mnyama katika miaka ya 1940, na Andrés Segovia mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliozishangilia. Na katika Bay of Kings, albamu inayosifiwa kuliko zote kwa usafi wake, vinanda vya Nick Magnus vimo, vimetandikwa chini ya gitaa kama mkeka. Sisemi kwamba ni kosa. Nasema kwamba anayesifu usafi pale hakusikiliza. Amesifu alichotaka kukisikia.

Madhali nimemtaja Segovia, nimalize habari yake, kwani ndiye fimbo ya kupimia inayotumiwa na pande zote mbili. Wenye vyuo vyao humpima Hackett kwa Segovia wakamwona mfupi. Wapenzi humpima kwa fimbo hiyo hiyo wakasema amefika, "ingawa hakusoma". Wote wanasahau kwamba Segovia, aliyelitoa gitaa katika vilabu akalifikisha kumbi kubwa za Ulaya, na ambaye mwaka 1935 alipiga Paris ile Chaconne ya Bach aliyoigeuza kutoka fidla, alijifundisha mwenyewe, na hadi uzeeni alijisifu kwamba alikuwa mwalimu na mwanafunzi kwa pamoja. Fimbo yenyewe haikutoka chuoni.

Neno "ingawa" nalijua ladha yake. Nimefasiri mashairi ya watu kwa miaka zaidi ya ishirini bila ya cheti cha mtu yeyote, na sifa niliyopewa mara nyingi kuliko zote ni kwamba kazi hii ni nzuri, ingawa mwenyewe hakupita chuo. Aliyenipa sifa hiyo karibuni alikuwa msomi, mtu mwema, na nia yake ilikuwa njema. Sikumjibu. Lakini niliona wazi kwamba hakuwa amelinganisha hata ubeti mmoja na asili yake. Alisifu safari ya mfasiri ili asilazimike kuisoma tafsiri.

Basi tusome. Nitachukua Sketches of Satie, kwa kuwa ndiyo albamu ninayoweza kuizungumza kwa ujuzi wa kazi yangu. Erik Satie alitunga Gymnopédies zake tatu mwaka 1888 kwa ajili ya piano. Mkono wa kushoto unaweka sauti moja nzito, kisha mkusanyiko wa sauti laini juu yake, polepole, tena na tena. Na juu ya hayo mkono wa kulia unaimba wimbo mwembamba usio na haraka. Siri yake imo katika kudumu kwa sauti. Kinyagio cha piano huiacha ile sauti nzito iendelee kulia hata mkono ukishaondoka. Debussy alipozigeuza mbili kati yake kuwa za okestra, katika miaka ya 1890, tatizo hilo hakuwa nalo, kwani pumzi na upinde wa fidla hudumu kadiri utakavyo. Gitaa halina kinyagio wala halina pumzi. Uzi ukikwanyuliwa huanza kufa papo hapo. Ulio wazi utalia kitambo, uliobanwa hufa kidole kinapohama.

Mfasiri akifika mahali kama hapa, hana budi kuchagua atapoteza nini. Akina Hackett waliamua kuupasua utungo sehemu mbili: wimbo akapewa John na filimbi yake, ambayo ina pumzi, na Steve akabaki na mkono wa kushoto. Tazama jambo hili. Mtu aliyepata jina kwa kupiga nyimbo za juu amejiweka chini, akawa mbeba mzigo, kaka kwa mdogo. Kilichopotea ni ule ukungu wa piano, ambamo huwezi kusema sauti hii imekwisha na ile imeanza. Kilichopatikana ni kuonekana kwa mifupa: unasikia kila ncha ya kidole, unasikia uzi ukifa na filimbi ikipita juu ya kifo chake. Ni tafsiri inayoonesha mishono yake, nami nazipenda tafsiri za namna hiyo. Katika Gnossiennes matokeo si mazuri kiasi hicho. Tatu za mwanzo Satie aliziandika bila ya mistari ya kugawa mapigo, yaani kama mshairi aliyeondoa vipande na mizani akamwachia msomaji pumzi zake. Na watu wawili wanaopiga pamoja hulazimika kungojana, kwa hivyo mizani iliyotolewa mlangoni imerudi kupitia dirishani.

Mtu huyu alipata wapi wazo la kumpa filimbi wimbo na kuuwaza uzi kwa kipimo cha pumzi? Hapa ndipo wanaomkata vipande viwili wanapopata hasara. Mwaka 1973 Genesis walitoa Selling England by the Pound, na ndani yake Firth of Fifth. Katikati ya utungo ule Peter Gabriel anapiga kwa filimbi wimbo mmoja alioutunga Tony Banks. Baadaye wimbo ule ule unarudi, safari hii kwa gitaa la umeme la Hackett, polepole, kila sauti ikivutwa mpaka mtu ajiulize itakwisha lini. Ni tafsiri ya filimbi kwa umeme. Mpiga gitaa amechukua chombo ambacho sauti yake hufa, akatumia mashine kuinyima kifo. Miaka ishirini na saba baadaye, katika Satie, anakiacha kifo cha sauti kifanye kazi yake na kuiachia filimbi kudumu. Ni swali moja, limejibiwa mara mbili na mtu mmoja. Katikati yake kuna Kim, kipande cha filimbi na gitaa katika Please Don't Touch! ya 1978, ambacho kinanukia Satie waziwazi na kiliwekwa katikati ya nyimbo za roki bila ya kuomba radhi kwa mtu. Asiyelijua gitaa la umeme hawezi kuijua thamani ya ukimya ule. Atauita utulivu tu, na utulivu unauzwa kila duka.

Kwa kuwa wamekwisha kuamua kwamba kila kikavu ni kitakatifu, wapenzi hawa pia hawawezi kutuambia kipi kibaya. Mimi nitasema. Katika Momentum vidole vina mbio kuliko fikra. Vipande kadhaa vinamwaga sauti kama mvua ya masika juu ya bati na kuondoka bila ya kuacha maji. A Midsummer Night's Dream ina wakati wake mzuri, lakini okestra inamfunika mwenyeji wake kila anapotaka kusema jambo, na Shakespeare amebaki jina juu ya jalada. Tribute ni kazi ya adabu, na Chaconne imo humo. Lakini utungo ule una wapigaji waliouishi maisha yao yote, na anayetangaza kwamba Hackett amelingana nao anampeleka uwanjani asikotaka kwenda. Mwenyewe ameiita heshima kwa wakubwa wake. Aachwe aitoe heshima yake.

Na ile ya 2021, Under a Mediterranean Sky, inanigusa karibu zaidi, kwa kuwa baharini mwake mna maneno yetu: kipande kimoja kinaitwa kwa darweshi na jini, chengine kwa mji wa Mdina wa Malta, ambao jina lake kila mtoto wa chuoni kwetu analitambua. Yumo Malik Mansurov na tar yake, yumo Arsen Petrosyan na duduk, na udi wa Kiiraki umo mikononi mwa Hackett mwenyewe. Wapenzi wameiita safari. Mimi nilipoisikiliza nilikuwa namngojea udi, kwa sikio la mtu aliyekulia karibu na taarabu, ambamo udi huanzisha hoja na kuijibu. Nilichokisikia zaidi ni okestra aliyoipanga Roger King, nzito, yenye kupanda na kushuka kama ya sinema, na ala hizo nyengine zikiitwa kutia rangi. Gitaa linapoachwa peke yake katika albamu hiyo, bado ni zuri kama lilivyokuwa 1972.